Kutafuta fedha za asasi miezi ya kiangazi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Shule zikishafungwa na watu wakaanza kuaga ofisini, sisi tunaozitafutia asasi fedha huanza kuulizwa maswali yale yale. Mweka hazina anauliza mbona akaunti imetulia. Mwenyekiti anauliza kama kuna haja ya kuwasumbua watu walio likizo. Nimeyajibu maswali hayo kwa miaka mingi, mara nyingine vibaya, na majibu ninayoyaamini leo ni haya.

Miezi ya ukimya ni ipi hasa?

Inategemea wachangiaji wako wako wapi. Kwa nchi za kaskazini mwa dunia, kiangazi ni Juni hadi Agosti, na katika sehemu kubwa ya Ulaya mwezi wa Agosti barua pepe hujibiwa na mashine: "Niko likizo hadi Septemba." Kusini mwa dunia kiangazi ni Desemba hadi Februari.

Ila hali ya hewa peke yake haitoshi kukueleza. Australia, mwaka wa fedha huisha tarehe 30 Juni, kwa hiyo maombi ya michango hurundikana Juni, kabla watu hawajafunga hesabu zao za kodi, ambazo michango huzipunguza. Marekani wengi huhesabu kodi kwa mwaka wa kalenda, ndiyo maana Desemba ni mwezi wa mavuno, na tangu 2012 mavuno hayo hufunguliwa na GivingTuesday, siku ya kuhamasisha utoaji, Jumanne inayofuata sikukuu ya Thanksgiving. Asasi zinazopokea zaka na sadaka za Ramadhani zina msimu unaotembea, kwa sababu Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Msimu wao wa neema unaweza kuangukia kiangazi mwaka huu na miaka kadhaa baadaye ukawa umehamia majira mengine kabisa.

Kwa hiyo usiazime kalenda ya jirani. Chukua taarifa za benki za miaka mitatu, andika jumla ya kila mwezi, ziweke sambamba. Ni kazi ya saa mbili. Mara ya kwanza nilipoifanya niligundua kwamba mwezi tuliokuwa tukiulaumu haukuwa mbaya hata kidogo. Uliokuwa ukituua ni ule uliofuata, wakati karo na bili za likizo zimeshawafika wachangiaji wetu mkononi.

Je, ni kweli kwamba watu hawatoi kiangazi?

Wanatoa. Changamoto ya kujimwagia ndoo ya maji ya barafu ilivuma Julai na Agosti 2014, na shirika la ALS Association la Marekani likapokea dola milioni 115 kwa ajili ya ALS, ugonjwa wa neva unaodhoofisha misuli, ambao wengi hawakuwahi hata kuusikia. Matamasha ya Live Aid, ya kuchangia waathirika wa njaa Ethiopia, yalifanyika London na Philadelphia tarehe 13 Julai 1985.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa zamani. Mwaka 1885 Sanamu ya Uhuru ilikuwa tayari, lakini New York ilikuwa haina fedha za kumalizia jukwaa la kuisimamishia. Joseph Pulitzer, mwenye gazeti la World, akaanza kuomba wasomaji wake mwezi Machi, akiahidi kuchapa jina la kila atakayetoa, hata kama ametoa senti. Tarehe 11 Agosti gazeti likatangaza kwamba dola 100,000 zimepita. Waliochangia walikuwa zaidi ya watu 120,000, wengi wao kwa kiasi kisichofika dola moja. Kampeni ile ilikata sehemu kubwa ya kiangazi.

Usinielewe vibaya: sikushauri ukae ukisubiri video yako ivume. Huwezi kupanga bahati. Ninachosema ni kwamba mkono wa mchangiaji haufungwi na jua. Kinachopungua kiangazi ni uangalifu wake kwa barua ndefu. Ana watoto nyumbani, ana safari, anasoma ujumbe amesimama kwenye foleni.

Basi tuombe, au tunyamaze hadi msimu ufike?

Ombeni mara moja tu, kitu kimoja, kidogo, chenye mwisho unaoonekana. Badala ya "saidia kazi yetu", sema "tunahitaji madawati 40 kabla shule hazijafunguliwa, tumeshapata 26". Ujumbe usomeke kwa nusu dakika, na kiungo cha kuchangia kiwe juu, mtu asikitafute hadi chini.

Kunyamaza kabisa ni kosa kubwa kuliko kuomba vibaya. Asasi inayopotea miezi mitatu kisha ikaibuka na bahasha ya maombi humkumbusha mchangiaji yule ndugu anayepiga simu akiwa na shida tu. Miezi iliyobaki tumieni kushukuru na kutoa habari. Huko ndiko fedha za mwisho wa mwaka zinakotengenezwa, ingawa haziandikwi kwenye ripoti ya Julai.

Tukiwa na kazi moja tu ya kufanya kiangazi hiki, iwe ipi?

Safisheni orodha ya wachangiaji. Najua haina mvuto. Hakuna mjumbe wa bodi aliyewahi kupiga makofi kwa sababu ya orodha safi. Lakini fedha nyingi hupotelea humo kuliko kwenye maneno ya barua.

Nakumbuka alasiri moja nimekaa na mwenzangu, yeye anasoma, mimi narekebisha kwenye jedwali la Excel. Mstari wa 112 na wa 340 ulikuwa mtu mmoja: mara moja kaandikwa kwa jina la kwanza, mara nyingine kwa jina la ukoo. Alikuwa akipata barua mbili kila msimu, na kwenye hesabu zetu alionekana wachangiaji wawili wadogo badala ya mmoja mwenye uzito. Mbele kidogo tukakuta safu ya maelezo imeandikwa kwa herufi ndogo: "mke alipiga simu, mzee amefariki." Maelezo yalikuwa ya miaka miwili nyuma. Barua zetu nne zilikuwa zimeshafika kwa mjane zikiwa na jina la marehemu, kila moja ikimwomba aongeze mchango wake. Tulifunga kompyuta tukakaa kimya kwa muda. Kesho yake niliandika barua ya kuomba radhi kwa mkono, na sikuambatanisha bahasha ya kurudishia mchango.

Kwa hiyo unganisheni majina yanayojirudia, ondoeni waliofariki na waliosema hawataki ujumbe, sahihisheni namba za simu, andikeni tarehe na kiasi cha mchango wa mwisho wa kila mtu. Hakikisheni pia mna ruhusa ya kutumia taarifa hizo. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya kulinda data binafsi ilianza kutumika tarehe 25 Mei 2018, na nchi nyingi nyingine zina sheria zake. Lakini hata pasipo sheria, mtu aliyekupa namba yake ili umtumie risiti hakukupa ili uisambaze.

Mkishamaliza hapo, kaeni na simu ya kawaida, si kompyuta ya ofisi, mchangie asasi yenu wenyewe kiasi kidogo kabisa. Hesabuni hatua. Angalieni risiti inafika baada ya muda gani na inasema nini. Sisi tulijaribu tukakuta ukurasa unadai namba ya faksi, tena kwa lazima.

Simu za shukrani zina faida gani, kama haziombi fedha?

Faida yake ni hiyohiyo, kwamba haziombi. Mpangieni kila mjumbe wa bodi na kila mfanyakazi majina matano kwa wiki. Simu moja haizidi dakika tatu. Nikiwa mgeni katika kazi hii nilimpigia mama mmoja aliyekuwa akituchangia kwa miaka sita bila kukosa. Mazungumzo yalikwenda hivi:

"Shikamoo mama. Napiga kutoka kwenye asasi, nilitaka tu kukushukuru kwa mchango wako wa Desemba."

"Marahaba. Haya, mnataka shilingi ngapi safari hii?"

"Hatutaki kitu mama. Ni asante tu."

Kimya. Nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Miaka yote hii, wewe ndiye wa kwanza kunipigia."

Akaendelea kunieleza kwa nini alianza kuchangia, habari za kaka yake, mambo ambayo hayakuwamo kwenye faili lolote letu. Niliyaandika yote baada ya kukata simu. Hilo ni nusu ya kazi: simu isipoandikwa ni kama haikupigwa, maana mwakani atapiga mwingine aulize yaleyale. Na mtu akikutajia mwenyewe kwamba anafikiria kuongeza mchango, msikilize, mshukuru, mwambie utamtafuta baadaye. Usigeuze asante kuwa mtego.

Waliochangia zamani wakaacha, tuwarudie?

Ndiyo, na huu ndio wakati wake. Anzeni na waliotoa mwaka jana lakini bado hawajatoa mwaka huu, kwa sababu hao bado wanawakumbuka. Wa miaka mitatu nyuma waje baadaye, na wa miaka saba waacheni wapumzike.

Tazameni hesabu yake. Asasi yenye wachangiaji 300 ikibaki na asilimia 40 yao mwaka unaofuata, ina watu 120. Ikibaki na asilimia 50, ina 150. Hao 30 wa ziada hawakuhitaji tangazo wala hafla, walihitaji kukumbukwa. Ujumbe kwao uwe mfupi na usiwe na lawama. "Hatujasikia kutoka kwako" husikika kama mdai. Afadhali: "Mwaka juzi ulisaidia kisima kichimbwe. Hii hapa picha yake leo." Kisha swali moja la kweli: bado ungependa kupata habari zetu? Akisema hapana, heshimu.

Kampeni ya mwisho wa mwaka ianze kupangwa lini?

Sasa. Hesabu kurudi nyuma. Kama barua zinatakiwa ziwe mikononi mwa watu wiki ya mwisho ya Novemba, uchapaji na bahasha ni mapema Novemba, maneno yawe yamepitishwa na wote kufikia katikati ya Oktoba, picha na ruhusa za wanaoonekana pichani zipatikane Septemba, na hadithi yenyewe itafutwe Julai au Agosti, wakati kuna nafasi ya kwenda kukaa na watu badala ya kuwapigia simu mbio mbio.

Hatua hiyo ya hadithi ndiyo inayorukwa, na inaonekana. Barua nyingi za Desemba zinafanana kwa sababu ziliandikwa na mtu asiyetoka ofisini tangu Machi. Nenda uangalie kazi. Rudi na jambo dogo moja uliloliona kwa macho yako, kama namna muuguzi anavyopanga dawa kwenye kikasha cha mbao kwa sababu kabati limeoza. Kikasha hicho kitafanya kazi kubwa kuliko aya tatu za takwimu. Na omba ruhusa kabla ya kuandika habari za mtu, ukimweleza itasomwa na nani. Akikubali leo na kukataa Oktoba, jibu ni lile la Oktoba.

Tutajuaje lengo letu linawezekana?

Chora ngazi ya michango. Tuseme mnatafuta 1,000, iwe ni elfu au milioni za fedha yoyote. Mchango mmoja wa 150, miwili ya 75, minne ya 40 na kumi ya 20 inafanya 660. Zilizobaki 340 zitoke kwa wachangiaji wadogo, na kama wastani wao ni 2, mnahitaji michango 170. Kwa ile mikubwa 17, wazoefu huhesabu angalau watu watatu wa kuwaendea kwa kila mchango mmoja, kwa hiyo mnahitaji majina 51.

Sasa andikeni majina hayo. Majina ya watu, si "wafanyabiashara" au "marafiki wa asasi". Mkiishia jina la kumi na nne, mmeshajua jambo ambalo wengine hulijua Desemba wakiwa wameshachelewa: ama lengo lishuke, ama kiangazi kitumike kuwatafuta hao 37 na kuwazoea kabla hamjawaomba chochote.

Maandiko ya ruzuku nayo?

Kiangazi kinayafaa kuliko wakati wowote. Maafisa wengi wa mifuko inayotoa ruzuku hawapo, ni kweli, kwa hiyo msitegemee kujibiwa haraka. Lakini nyaraka zinazoombwa karibu na kila mfuko hazibadiliki sana: cheti cha usajili, hesabu zilizokaguliwa, bajeti ya mwaka, majina ya bodi, historia fupi ya asasi, ripoti ya mradi uliopita. Ziwekeni kwenye folda moja zikiwa za karibuni. Aliyewahi kutafuta hesabu zilizokaguliwa saa nne usiku, mwisho wa kupokea maombi ukiwa saa sita, hahitaji kushawishiwa.

Na kama mna ripoti ya mfadhili iliyochelewa, iandikeni kwanza kabla ya andiko lolote jipya.

Bodi yetu hutawanyika kiangazi. Tufanyeje?

Msiwaite kikao. Mpe kila mmoja kazi moja inayoweza kufanywa popote alipo: simu tano, au majina matatu ya watu anaowafahamu, au kusoma rasimu ya barua na kusema wapi alichoka. Mjumbe anayesema "mimi siwezi kuomba fedha" aambiwe ukweli, kwamba hakuna aliyemwomba aombe. Kushukuru anaweza.

Fedha zinakauka kabisa Julai. Mishahara italipwaje?

Hapa mipango ya kiangazi huwa imechelewa, lakini si ya kuachwa. Tengenezeni makadirio ya fedha zinazoingia na kutoka, mwezi kwa mwezi, kwa miezi 12. Mtaona shimo liko wapi na lina kina gani. Shimo likijulikana Februari, unaweza kumwomba mfadhili alete awamu yake mapema au kusogeza manunuzi makubwa. Likijulikana siku ya mishahara, huna la kufanya.

Msiguse fedha zenye masharti. Fedha zilizotolewa kwa ajili ya kisima si za mishahara ya ofisi, hata kwa wiki mbili, hata kama "tutarudisha". Nimeona asasi nzuri ikianguka kwa wiki mbili hizo.

Dawa ya muda mrefu ni mbili. Ya kwanza ni akiba, ambayo kwa kawaida hushauriwa ifike matumizi ya miezi mitatu hadi sita. Kwa asasi changa huo ni mlima, anzeni na mwezi mmoja. Ya pili ni wachangiaji wa kila mwezi. Mtu anayetoa 1 kila mwezi anatoa 12 kwa mwaka, na mchango wake huingia Agosti kama unavyoingia Desemba, yeye akiwa likizo. Kiangazi waangalieni waliotoa mara mbili au zaidi ndani ya mwaka na muwaulize hao kwanza. Wameshazoea kutoa, mnawapunguzia kazi tu.

Kuna mtu amejitolea kututafutia fedha akate asilimia yake. Tukubali?

Hapana. Maadili ya Association of Fundraising Professionals, chama cha wataalamu wa fani hii, yanakataza malipo ya asilimia ya michango. Sababu inaeleweka: anayelipwa hivyo ana haraka, na haraka yake italipwa na uhusiano wenu na wachangiaji. Mlipe mtu kwa kazi au kwa muda.

Tufanye hafla?

Kama mna mtu wa kuisimamia ambaye kazi zake nyingine hazitalala, sawa. Hesabuni saa za wafanyakazi pamoja na gharama za ukumbi kabla ya kusema imeleta faida. Hafla nyingi, zikihesabiwa hivyo, hazileti.

Na sisi tutapumzika lini?

Swali hili huulizwa kwa utani, mwishoni mwa kikao, na mimi hulijibu bila utani. Likizo za watafuta fedha ziwekwe kwenye mpango kwa tarehe, kama zinavyowekwa tarehe za barua. Kwetu ni wiki mbili za kwanza za Agosti, kwa zamu, na anayebaki hujibu simu tu na kutoa risiti. Mwaka jana zamu ya kubaki ilikuwa yangu. Simu iliita mara nne. Ya tatu alikuwa yule mama, akiuliza kama bado tunapokea michango ya kila mwezi.